Aliuawa siku 25 kabla ya kumwona mwanawe

Fred Hampton wa Chicago alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Waliobaki kutafuta haki yake ni mama aliyemzaa, na mchumba aliyekuwa mjamzito wa mtoto wake.

KIFO cha baba kijana ni pigo kwa nyumba yoyote, kiwe kimeletwa na maradhi, ajali au bahari. Lakini baba anapouawa kwa risasi za polisi, yaani watu wanaolipwa mshahara ili wayalinde maisha yake, jamaa zake hutwishwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mzigo wa kwanza ni msiba wenyewe. Wa pili ni kuthibitisha mbele ya watu kwamba marehemu hakustahili kufa. Mzigo huo wa pili ndio mrefu, na aghalabu huwaangukia wanawake.

Habari ya Fred Hampton, kijana Mweusi wa Marekani, inalionyesha jambo hilo waziwazi. Wengi wamepata kulisikia jina lake kama jina la mwanasiasa. Leo tunamtazama kama mtoto wa watu, na kama baba ambaye hakujaliwa kumpakata mwanawe.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 4 Desemba, 1969, kiasi cha saa kumi na moja kasorobo, polisi 14 waliizingira nyumba ya kupanga nambari 2337, West Monroe Street, upande wa magharibi wa Chicago. Walikuwa na hati ya upekuzi, na kazi yao waliyoitaja ilikuwa kutafuta silaha. Ndani walikuwamo vijana tisa. Baada ya dakika chache za risasi, vijana wawili walikuwa maiti: Mark Clark, mwenye miaka 22, na Fred Hampton. Wanne walijeruhiwa. Mchumba wake Fred, Deborah Johnson, ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia kutimiza miezi tisa, alikuwa amelala kando yake kitandani. Alitolewa chumbani akiwa hai, akatiwa mbaroni.

Tarehe 29 Desemba, siku 25 baada ya msiba ule, alijifungua mtoto wa kiume.

MTOTO WA WAFANYAKAZI

Fred alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1948. Wazazi wake, Francis na Iberia Hampton, walikuwa wenyeji wa Haynesville, katika jimbo la Louisiana. Kama walivyofanya Weusi wengi wa Kusini katika zama zile, waliuacha ubaguzi na ufukara wa mashambani wakaenda kutafuta ajira katika viwanda vya Kaskazini. Walipata kazi katika kiwanda kikubwa cha kusindika mahindi huko Argo, kando ya mji wa Chicago. Mama aliaminiwa na wenzake hata akawa mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi. Baadaye familia ilihamia mji mdogo wa Maywood. Fred alikuwa kitinda mimba katika watoto watatu.

Walipokuwa wakiishi Argo, Bibi Iberia alipata kumwangalia mtoto wa jirani aliyeitwa Emmett Till. Tarehe 28 Agosti, 1955, Emmett, akiwa na umri wa miaka 14, aliuawa na Wazungu huko Mississippi alikokwenda kuwatembelea jamaa zake. Kosa alilosingiziwa ni kumvunjia heshima mwanamke wa Kizungu. Mama yake aliurudisha mwili Chicago, akaagiza jeneza liachwe wazi ili kila mwenye macho aone alivyotendewa mwanawe. Siku mbili baada ya mauaji yale, Fred alitimiza miaka saba. Hivyo mtoto huyu alikua katika nyumba ambamo habari ya Emmett haikuwa habari ya gazetini. Ilikuwa habari ya mtoto aliyepata kulishwa kwa mkono wa mama yake mwenyewe.

CHAKULA CHA ASUBUHI

Husimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka kama kumi, Fred alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaani kwao siku za mwisho wa juma, akawapikia chakula cha asubuhi yeye mwenyewe. Hilo lilikuwa jambo dogo, lakini lilidokeza aina ya mtu ambaye angekuwa.

Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1966, alikuwa tayari amekwisha kujulikana kwa usemaji wake. Katika tawi la vijana la chama cha NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, aliwavuta vijana zaidi ya 500. Aliongoza madai ya kujengewa watoto wa Maywood bwawa la kuogelea, kwa sababu mabwawa ya miji ya jirani yalikuwa na milango iliyofungwa kwa mtoto Mweusi. Bwawa hilo lilijengwa, na baadaye likapewa jina lake.

Alianza masomo ya kumwandaa kwa sheria, kwa kuwa alitaka kuijua lugha ambayo polisi na mahakama huitumia dhidi ya wanyonge. Mwishoni mwa mwaka 1968 alijiunga na tawi jipya la Illinois la Chama cha Black Panther, yaani Chui Weusi, kilichoasisiwa huko Oakland, California, mwaka 1966. Akawa ndiye kiongozi na msemaji wake.

Ni vema tuseme kweli yote. Chama hicho kilibeba bunduki hadharani, na kauli zake kwa polisi zilikuwa kali. Hata katika nyumba ya West Monroe mlikuwa na silaha. Majuma matatu kabla ya kifo cha Fred, tarehe 13 Novemba, polisi wawili na mwanachama mmoja wa Chui Weusi walikufa kwa kupigana risasi katika mji huo huo wa Chicago. Fred hakuwapo. Polisi wale nao walikuwa watoto wa watu, na nyumba zao ziliomboleza.

Lakini ukiuliza ni kazi gani iliyowajaza vijana wale shughuli kutwa kucha, utajibiwa kwamba ni chakula cha asubuhi. Kuanzia mwezi Aprili, 1969, tawi la Chicago liliwalisha watoto wa maskini bure kabla hawajakwenda shuleni. Vijana waliamka usiku, wakakusanya mayai, maziwa na mikate kutoka kwa wenye maduka, wakapika na kuwapakulia watoto. Mzazi yeyote, wa Chicago au wa Tandale, anajua kwamba mtoto mwenye njaa haoni kilichoandikwa ubaoni. Serikali ya Marekani yenyewe iliufanya mpango wake wa chakula cha asubuhi shuleni kuwa wa kudumu mwaka 1975.

Kazi ya pili ilikuwa kuwaunganisha maskini. Fred alikwenda kwa vijana wa Puerto Rico, na akaenda pia kwa Wazungu fukara waliohamia Chicago kutoka milima ya Appalachia, miongoni mwao wakiwamo waliovaa bendera ya wale waliopigania utumwa. Aliwaeleza kwamba kodi ya nyumba mbovu na rungu la polisi havichagui rangi. Wakakubali kushirikiana. Muungano huo waliupa jina la upinde wa mvua. Kijana wa miaka 20 aliyeweza kuwakalisha watu wa namna hiyo meza moja hakuwa mtu wa kupuuzwa na wakubwa.

Kesi iliyompeleka gerezani mwaka huo inaeleza mengi kuhusu zama zile. Alishtakiwa kwamba mwaka 1968, huko Maywood, alinyang'anya aiskrimu ya thamani ya dola 71 kutoka gari la mchuuzi na kuwagawia watoto. Alikana. Alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka miwili na mitano. Alikuwa nje kwa dhamana, akingoja rufani, alipouawa.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Katika mwaka 1968 mkuu wa Shirika la Upelelezi la FBI, J. Edgar Hoover, aliwaagiza maofisa wake wazuie kutokea kwa kiongozi yeyote mwenye uwezo wa kuwaunganisha Weusi wa Marekani na kuwatia moyo. Agizo hilo lilikuwa sehemu ya mpango wa siri ulioitwa COINTELPRO. Mpango huo haukuwa wa kupeleleza tu. Ulikuwa pia wa kuchonganisha, kuzua na kuvunja.

Huko Chicago mpango ulipata mtu wake. Jina lake William O'Neal, kijana Mweusi aliyekamatwa kwa kosa la wizi wa gari, akaahidiwa kwamba mambo yake yatanyamaziwa akikubali kutumika. Aliingia katika Chui Weusi, akapanda hata akawa mkuu wa ulinzi wa tawi. Yaani aliyepewa dhamana ya kumlinda Fred ndiye aliyekuwa akipokea mshahara wa kumpeleleza. Alichora ramani ya nyumba ya West Monroe, chumba kwa chumba, akaonyesha hata kitanda alichokuwa akilala Fred na mchumba wake. Ramani ile ilipita mikononi mwa FBI hadi kwa polisi waliokwenda kuvamia. Baada ya mauaji O'Neal alilipwa bakshishi ya dola 300.

Waliovamia walikuwa chini ya Edward Hanrahan, Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Wilaya ya Cook. Waliingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Mark Clark, aliyekuwa akilinda zamu sebuleni, alipigwa risasi ya moyo. Risasi nyingi zilielekezwa chumbani kwa Fred. Mmoja wa wenzake alimtikisa ili aamke. Fred aliinua kichwa polepole, lakini hakutoka kitandani. Uchunguzi ulioombwa na upande wa familia ulikuta dawa ya usingizi katika damu yake, na ule wa FBI ukasema haikuwamo.

Kwa ushahidi wa Deborah Johnson, yeye aliondolewa akasimamishwa jikoni. Akiwa huko aliwasikia askari wakiulizana kama Fred amekwisha kufa, kisha akasikia milio ya bunduki, kisha sauti ikisema kwamba sasa amekufa kweli. Fred alikutwa na majeraha mawili ya risasi kichwani, zilizopigwa kutoka karibu.

MISUMARI ILIYOITWA MATUNDU YA RISASI

Siku ile ile Hanrahan alitangaza kwamba polisi walishambuliwa kwa risasi na vijana wale, na kwamba walijizuia kwa kadiri ya uwezo wao. Televisheni ikaonyesha polisi wakiigiza jinsi walivyoshambuliwa. Gazeti kubwa la Chicago Tribune likachapisha picha za mlango wenye alama nyeusi, na maelezo kwamba hayo ni matundu ya risasi zilizotoka ndani. Waandishi wa gazeti jingine walikwenda kutazama kwa macho yao. Alama zile zilikuwa vichwa vya misumari.

Waliweza kutazama kwa sababu polisi hawakuifunga nyumba ile. Chui Weusi waliifungua milango, wakawakaribisha wananchi. Maelfu ya watu walipanga foleni katika baridi ya Desemba: wafanyakazi, wanafunzi, wazee wa kanisa na akina mama wenye watoto. Walionyeshwa kuta zilizotobolewa na godoro lililolowa damu. Husimuliwa kwamba mama mmoja mzee alitikisa kichwa akasema kuwa haya ni yale yale ya Kusini ya kumwua Mweusi bila hukumu, isipokuwa safari hii yametendeka Kaskazini. Miaka 14 kabla ya hapo mama yake Emmett Till alikuwa amefungua jeneza katika mji huo huo. Mara hii ilifunguliwa nyumba nzima.

Mazishi yalihudhuriwa na watu wapatao 5,000. Miongoni mwa waliosema maneno ya kumuaga ni Mchungaji Ralph Abernathy, aliyechukua nafasi ya Martin Luther King, na Jesse Jackson.

MIAKA 13 YA KUNGOJA

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika shauri hili njia hiyo ilikuwa na urefu wa miaka 13, na ingekuwa ndefu zaidi lau familia zingechoka.

Kwanza, uchunguzi wa mwanzo wa vifo ulisema mwezi Januari, 1970, kwamba mauaji yale yalikuwa halali. Vijana saba walionusurika, pamoja na mama mjamzito, walikuwa wameshtakiwa kwa kujaribu kuua polisi. Mwezi Mei, 1970, baraza la wachunguzi la serikali kuu lilitoa taarifa kwamba polisi walipiga risasi kati ya 82 na 99, ilhali kutoka ndani ilipigwa moja tu kwa hesabu ya juu kabisa. Mashtaka dhidi ya vijana yakafutwa. Lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua. Hanrahan na wenzake walifikishwa mahakamani kwa kosa la kuvuruga uchunguzi tu, wakaachiliwa Oktoba, 1972. Mwezi uliofuata wapiga kura, Weusi wakiwa mstari wa mbele, walimwondoa katika kiti chake.

Tarehe 8 Machi, 1971, kikundi cha raia kilivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, jimbo la Pennsylvania, kikachukua nyaraka na kuzipeleka kwa magazeti. Hapo ndipo jina la COINTELPRO lilipojulikana. Mwaka 1973 ikafichuka kwamba O'Neal alikuwa mtu wa FBI.

Familia zilikuwa zimekwisha kufungua madai. Vitabu vya sheria vya Marekani vinalitaja shauri hilo kwa jina la mama, Hampton dhidi ya Hanrahan, kwa sababu Iberia Hampton ndiye aliyesimama kwa niaba ya mwanawe. Lilianza kusikilizwa Januari, 1976, likachukua miezi 18. FBI ilificha maelfu ya kurasa ambazo mahakama ilistahili kuziona, na zikaja kutolewa baada ya kesi kuwa imekwenda mbali. Mwaka 1977 jaji aliwafutia washtakiwa madai. Wanasheria vijana wa familia walikata rufani. Mwaka 1979 mahakama ya rufani iliamua kwamba kulikuwa na ushahidi wa kutosha wa njama baina ya FBI na polisi, na kwamba kesi isikilizwe upya. Mahakama Kuu ya nchi haikuutengua uamuzi huo.

Mwaka 1982 serikali kuu, Wilaya ya Cook na Jiji la Chicago zilikubali kulipa jumla ya dola 1,850,000, wagawane walalamikaji tisa. Hakuna aliyekiri kosa. Mtoto aliyekuwa tumboni usiku ule alikuwa anakaribia kutimiza miaka 13.

MTOTO ALIYERITHI JINA

Deborah Johnson baadaye alijiita Akua Njeri, na msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuambiwa jina la Njeri limetoka wapi. Alimlea mwanawe peke yake, akiendelea kuwasimulia watu yaliyotokea. Mtoto akaitwa Fred Hampton kama baba yake. Kurithi jina kama hilo si jambo jepesi. Mwaka 1993 naye alifungwa kwa shtaka la kuchoma duka, shtaka alilolikana siku zote. Alitoka gerezani mwaka 2001. Ameendelea na kazi ya kutunza kumbukumbu ya baba yake, na nyumba ya Maywood alimokulia baba huyo ilitangazwa kuwa jengo la kihistoria la mji mwaka 2022.

O'Neal alikufa Januari, 1990, baada ya kukimbilia katikati ya barabara kuu akagongwa na gari. Ilitolewa hukumu kwamba alijiua. Ukachero wake haukumpa amani. Mwaka 2021 ilitoka filamu kuhusu Fred na msaliti wake, na aliyeigiza nafasi ya Fred, Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi Waganda, alipata tuzo ya Oscar.

Hata Tanzania ina uhusiano na vijana wa zama zile. Pete O'Neal, aliyeongoza tawi la Chui Weusi la Kansas City, na ambaye si ndugu wa yule kachero, aliikimbia nchi yake akafika Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte walijenga kituo cha jamii katika kijiji cha Imbaseni, karibu na Arusha, ambako watoto wa kijiji wamepata masomo na mahali pa kulala. Wanaokifahamu kituo hicho hawashangai wanaposikia habari ya chakula cha asubuhi cha Chicago.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Ndugu msomaji, katika habari hii tumeona bunduki, ramani, nyaraka na hukumu. Lakini jambo la kukaa nalo ni hili: ukweli kuhusu kifo cha Fred Hampton haukutolewa na waliokuwa na wajibu wa kuutoa. Wakubwa walisema uongo tangu siku ya kwanza. Ukweli ulitafutwa na mama mfanyakazi wa kiwandani, na binti aliyejifungua akiwa na mashtaka shingoni. Ulitafutwa pia na majirani waliokubali kusimama katika baridi ili wajionee wenyewe, na wanasheria wachanga ambao hawakuwa na uhakika wa kulipwa.

Polisi ni wa lazima kwa kila nchi, na kazi yao ni ngumu. Kwa sababu hiyo hiyo, risasi yao inapoua, taifa lina deni la kueleza ilikwendaje, kwa haraka na kwa kweli, kabla familia haijalazimika kwenda kuomba. Serikali inayongoja miaka 13 hulipa fedha, lakini haiwezi kumlipa mtoto utoto wake. Dola zile hazikumfundisha mtoto wa Fred kutembea, wala hazikumpeleka shule siku ya kwanza.

Nasi majumbani tuna wajibu wetu. Msiba wa namna hii unapoingia mtaani, majirani wengi hujitenga kwa hofu, na wengine huanza kunong'ona kwamba marehemu naye alizidi. Watu wa Chicago walipanga foleni badala ya kunong'ona. Mjane au mchumba aliyebaki na mimba ahitaji wa kumshika mkono kwenda naye ofisini na mahakamani, na wa kumbebea mtoto anapoitwa kutoa ushahidi. Ahitaji pia mtu wa kuyaandika yaliyotokea yangali mabichi, maana mwaka ukipita kumbukumbu huchujuka, na mwenye nguvu ndiye hubaki akisimulia.